Si Kila Samaki Mdogo ni Mtoto

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sina ugomvi na wahenga, Mungu awarehemu, lakini tangu mwezi wa Agosti mwaka jana nimekuwa nikijiuliza: je, huyo samaki wa methali si amekwisha kufa? Amevuliwa, ametiwa kapuni, na anayekunjwa ni maiti. Methali hiyo imetungwa na watu wa pwani, nasi watu wa pwani samaki tunamjua akisha kuwa kitoweo. Changu twamjua, tafi twamjua, nguru twajua hata kipande chake kipi cha kukaanga na kipi cha kupaka. Lakini samaki aliye hai, mdogo kama kiungo cha kidole, ambaye mtu humnunua leo ili amle mwakani, huyo hatumjui hata kidogo. Nasema haya kwa kuungama wala si kwa kumlaumu mtu, kwani mwenye kosa nitakalolisimulia hapa ni mimi mwenyewe.

Nina rafiki yangu huko Ogembo, katika nchi ya Wakisii. Tulijuana Mombasa miaka mingi iliyopita, yeye akisomesha hesabu nami nikianza anza kazi hii ya kalamu. Alipostaafu akarudi kwao. Ogembo ni mji mdogo wa milimani. Mto Gucha unapita bondeni ukielekea Ziwa Viktoria, na huku na huku ni migomba, chai, miwa na majani ya ng'ombe, mashamba yamekatwakatwa vipande vidogo vidogo kwa kuwa watu huongezeka na ardhi haiongezeki. Mvua haiwatupi mkono watu wa huko. Rafiki yangu, ambaye mimi humwita Mwalimu naye huniita Shehe ingawa ushehe sina, ana kipande chake cha bondeni penye chemchemi, na hapo amechimba bwawa la samaki la mita 300 za mraba.

Mabwawa ya kadiri hiyo yako mengi katika Kenya, wala si kwa sadfa. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake ukawamo ufugaji wa samaki: mabwawa 200 kwa kila eneo la bunge katika maeneo 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Piga hesabu, msomaji. Hayo ni mabwawa 28,000. Bwawa moja likitiwa vifaranga 1,000, basi nchi ilihitaji vifaranga milioni 28 karibu kwa mkupuo mmoja, nao watotoleshaji waliokuwako hawakuwa wa kuikidhi haja hiyo. Hapo ndipo biashara ya vifaranga vya samaki ilipofumuka kama uyoga baada ya mvua, na penye biashara iliyofumuka hapakosi mjanja.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilikwenda kumzuru Mwalimu mwishoni mwa mwaka juzi nikamkuta yuko tayari kupandikiza samaki bwawani. Alikuwa na njia mbili. Kituo kimoja cha kutotoleshea kilimwambia vifaranga ni shilingi 10 kila mmoja. Wadogo sana, wembamba, mtu angewadharau. Na palikuwa na kijana wa pikipiki aliyepita mitaani na mapipa mawili ya plastiki nyuma, samaki wake wana ukubwa mara mbili ya wale wa kituoni, wameshiba rangi, na bei yake shilingi 4. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, alisita. Akaniuliza, "Shehe, wewe ni mtu wa baharini, waonaje?"

Loo! Laiti ningalifumba mdomo. Nilimwambia kuwa mimi nimezaliwa nikinusa samaki, nimelelewa kwa mchuzi wa samaki, na mtu aliye timamu haachi samaki mkubwa wa rahisi akanunua mdogo wa ghali. Nikaingia mimi mwenyewe kwenye mapatano kama tufanyavyo sokoni Mombasa, nikambana yule kijana mpaka akatoa nyongeza ya samaki 50 bure. Tukanunua 900 kwa shilingi 3,600 badala ya 9,000. Usiku ule tulipokuwa tukinywa chai, nilijiona nimemwokolea rafiki yangu shilingi 5,400, nikalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Miezi tisa baadaye Mwalimu alinialika kwenye mavuno. Wavu ulipoburutwa ukaja mzito hata vijana wanne wakashindwa kuutoa, nasi tukapiga makofi. Kumbe makofi ya nini! Samaki walikuwa maelfu, si mia tisa, na katika maelfu hao hakuna aliyezidi kiganja changu. Kina mama wa sokoni, waliozoea kuuza ngege waletwao kutoka ziwani, walikuwa wamekuja na mabeseni yao. Mmoja alimwinua samaki kwa mkia, akamtazama, akamwuliza Mwalimu kwa adabu kama hii ni omena iliyoota magamba. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Fedha za chakula cha samaki, gunia baada ya gunia, zilikuwa ni karo ya wajukuu wawili aliyoiweka humo majini kama mtu awekavyo benki.

Tangu siku ile nimefanya kazi ambayo ingenipasa kuifanya kabla ya kufungua kinywa: nimeuliza wenye kujua. Na nililoambiwa nataka nimweleze msomaji, kwani naamini kwamba yaliyompata Mwalimu yamewapata wengi wasio na rafiki wa gazetini wa kuwasemea.

Samaki afugwaye sana katika mabwawa yetu ni huyu ambaye Waluo humwita ngege, ndugu zetu wa Mwanza wakamwita sato, na kwingine Tanzania akaitwa perege. Tabia yake ni ya ajabu. Jike hutaga mayai, kisha huyakusanya na kuyaatamia ndani ya kinywa chake, na muda wote huo, juma zima na zaidi, hali kitu. Akimaliza huanza tena. Nguvu zote za mwili wake zinakwenda katika uzazi, wala hapati nafasi ya kunenepa. Dume halina mzigo huo, basi dume hukua upesi kumpita jike. Ndiyo sababu watotoleshaji wa siku hizi huuza vifaranga ambao karibu wote ni madume, ama kwa kuwabagua kwa mkono wakisha kupata ukubwa wa kuonekana maumbile yao, ama kwa kuwalisha chakula chenye dawa katika majuma matatu au manne ya mwanzo wa maisha yao.

Lakini hilo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo iliyotumaliza. Ngege akibanwa mahali padogo, chakula kikawa haba, hafi wala haachi kuzaa. Hudumaa. Hubaki na mwili wa kidole huku umri unakwenda, na kwa udogo wake huo huo akawa mama na bibi. Bwawa lililosahauliwa miaka miwili hujaa viumbe hivyo. Sasa mjanja hupita, akamwambia mwenye bwawa nampa kidogo nikusafishie, akatia chujio, akavijaza kwenye mapipa yake, akaenda kuviuza kwa jina la vifaranga. Mnunuzi huona samaki mdogo akasema huyu ni mtoto. Si mtoto! Ni mzee aliyedumaa. Ukimtia katika bwawa jipya lenye nafasi na chakula, kitu cha kwanza anachofanya si kukua, ni kuzaa. Ndiyo maana tulinunua mia tisa tukavuna maelfu.

Basi samaki wale wakubwa niliowachagua kwa ubingwa wangu walikuwa wakubwa kwa sababu walikuwa wazee. Na wale wembamba wa kituoni waliniudhi kwa udogo kwa sababu walikuwa na majuma machache tu duniani. Nilitazama ukubwa wa siku ile, nisiulize umri.

Mwenzangu mmoja wa gazeti alinichekesha aliposikia kisa hiki. Alisema, nenda Japani ukasome. Nami nikadhani ananidhihaki, kumbe sivyo. Huko Japani kuna samaki aitwaye koi, wa mapambo, mwekundu na mweupe na mweusi, wa jamii ya kapu (na hapa sisemi kapu la ukindu). Wengi hudhani ni samaki wa wafalme. La hasha. Asili yake ni ya wakulima wa mpunga katika milima ya Niigata, nchi ya theluji na matuta, watu wa vijishamba vilivyoning'inia ubavuni mwa mlima kama vile vya Ogembo. Walimfuga kapu wa kula, awe akiba ya majira ya baridi, na katika karne ya 19 wakaanza kuwatenga wale waliozaliwa na rangi. Leo koi mmoja bora huuzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Mwaka 2018 jike mmoja aliyefugwa Hiroshima, mwenye urefu wa kuzidi mita moja, aliuzwa mnadani kwa yeni milioni 203, karibu dola za Kimarekani milioni 1.8. Astaghafirullah, kwa samaki asiyeliwa!

Kilichonivuta mimi si bei. Ni jicho lao. Jike mmoja wa koi hutaga mayai laki kadhaa. Mfugaji hupitia vifaranga mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara akitupa wengi na kubakiza wachache, mpaka katika umati ule wakabaki wa kuhesabika. Na wale wabakio hawachagui kwa uzuri wa leo. Wana neno lao, tategoi, maana yake ni samaki ambaye bado hajafika, ambaye kesho atakuwa bora kuliko alivyo leo. Pengine leo ana sura mbaya, rangi imefifia, na jirani yake anang'ara. Lakini mjuzi humwacha anayeng'ara, kwani huyo amekwisha kumaliza safari yake. Hutazama mifupa: kichwa kipana, mabega mapana, shina la mkia lililo nene. Huuliza mama yake alifika urefu gani, kwa kuwa mwili mkubwa hurithiwa. Na kwao mambo ni kinyume cha ngege wetu: jike ndiye akuaye sana, kwa hiyo atakaye samaki mkubwa hununua jike. Hili nalo ni somo, kwamba hapana kanuni moja ya samaki wote. Mtu na amjue anayemnunua.

Wala tusidhani kuwa elimu hii ni ya Wajapani peke yao. Mwaka 1988 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi huko Ufilipino walianza mradi wa kumkuza ngege kwa njia ya kuchagua wazazi kizazi hadi kizazi. Mbegu ya mwitu waliitoa wapi? Waliitoa Misri, Ghana, Senegali, na Kenya hii yetu. Samaki wa Afrika akaenda Asia mwembamba, akachaguliwa, akakua, na leo wanaofuga ukoo wake wamejaa kule Mashariki ya Mbali. Sisi wenye samaki tukabaki tukinunua vibete kwa pikipiki. Si kwamba hatuna pa kujifunzia. Sagana kiko kituo cha taifa kinachochagua ngege wa mbegu bora, na hapo Kegati, karibu na mji wa Kisii, kiko kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki. Kutoka Ogembo si safari ya kulala njiani.

Mimi nimesoma chuoni, chini ya mkeka, fimbo ya mwalimu ikiwa juu ya kichwa. Katika milango ya biashara tuliyosomeshwa, kulikuwa na mfano ambao sisi watoto tuliuona wa kipuuzi: kwamba haifai kumuuza samaki aliye majini. Tulicheka, nani atanunua samaki aliye majini? Mwalimu wetu akatueleza kuwa sababu ni kutojulikana. Mnunuzi hajui anunuacho, na muuzaji naye pengine hajui auzacho. Ila akiwa katika kidimbwi kidogo ambamo anaonekana na kukamatika bila taabu, hapo hapana neno. Nami nikitazama yale mapipa ya pikipiki namkumbuka mwalimu wangu. Samaki walionekana, ndiyo, lakini kilichokuwa kinauzwa hasa hakikuonekana. Mfugaji hanunui samaki wa leo. Ananunua ule mwili wa miezi tisa ijayo, na huo umefichwa ndani ya umri na ukoo, mambo ambayo muuzaji ndiye ayajuaye. Tulisomeshwa pia kwamba bidhaa yenye aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kuirudisha. Mwalimu wa Ogembo atairudisha kwa nani, na kwa ushahidi gani?

Hapa ndipo ninapotoa rai yangu, na wenye kukasirika na wakasirike. Kila mfuko wa vifaranga uuzwao ufuatane na karatasi: wametotolewa tarehe ngapi, wazazi wao ni wa mbegu ipi na wametoka wapi, ni madume matupu au ni mchanganyiko, na nani aliyewauza. Tunadai karatasi ya mbegu za mahindi. Tumedai hata karatasi ya ng'ombe. Samaki amekosa nini? Na asiyeweza kuandika tarehe ya kutotolewa, huyo si mtotoleshaji, ni mchuuzi wa kitoweo kilichodumaa, na auze kwa jina hilo.

Nilipomwambia Mwalimu rai hii alinijibu kwa desturi ya kwao. Alisema kuwa Wakisii, kijana alipotaka kuoa, hawakumwendea binti moja kwa moja. Palitumwa mtu, waitwaye esigani, kwenda kupeleleza ukoo ule: tabia zao, maradhi yao, nyumba yao ikoje. "Shehe," akasema, "kwa mke nilituma esigani, kwa samaki nikakutuma wewe." Sikuwa na la kujibu.

Ili nisimwelemee muuzaji peke yake, niseme haki. Maji ya Ogembo ni ya baridi. Ngege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hamu ya kula humpotea. Kwa hiyo hata kifaranga bora hakui milimani kama akuavyo Kisumu, na anayeahidiwa samaki wa sahani kwa miezi sita huko Kisii anadanganywa. Tena Mwalimu alikuwa akitupa mabaki ya ugali humo bwawani. Nimemwambia, naye amekubali kwa shingo upande. Lakini baridi na ugali havigeuzi mia tisa kuwa maelfu.

Mambo mengine ya kutazama ni mepesi, hata mimi nimeyaelewa. Beseni likikorogwa, kifaranga mzima huogelea kuukabili mzunguko wa maji; dhaifu huzungushwa nao. Walio sawa kwa umri huwa karibu sawa kwa ukubwa, kwa hiyo ukiona beseni moja lina wa kila kimo, shuku. Na ukiona kichwa kikubwa juu ya mwili mwembamba kama msumari, huyo ni mzee anayejifanya kijana. Tazama mapezi kama hayakukatika, na mgongo kama haukupinda. Kwa kambare ni hivyo hivyo na zaidi, maana kambare aliyewapita ndugu zake kwa kimo huwala. Na kwa kuwa kazi yangu hasa ni ushairi, nilimwandikia Mwalimu ubeti mmoja ambao ameubandika kwenye mlango wa ghala lake la chakula cha samaki:

Mwenye samaki nambia, wamezawa mwezi gani,
Mama nakuulizia, yupo bwawa lipi ndani,
Udogo sikuchukia, si aibu asilani,
Ila kongwe wa kibete, huyo sitii kapuni.

Bwawa tulilikausha lote. Vibete vilikaushwa, vikasagwa, vikawa chakula cha kuku. Matope yakamwagiwa chokaa, yakaachwa yapasuke kwa jua, kisha maji yakarudishwa. Mwezi uliopita nilikuwa tena Ogembo, na safari hii tulikwenda kituoni sote wawili, kwa sharti moja la Mwalimu kwamba nisitie neno kwenye bei. Alimtaka mhudumu amwonyeshe wazazi. Akaonyeshwa, madume yenye mabega kama wapagazi wa Kilindini. Akataka tarehe ya kutotolewa. Ikasomwa kutoka daftarini. Akauliza kama vifaranga wamefungishwa kula tangu jana ili wasichafue maji njiani, wamefungishwa. Akalipa shilingi 10 kwa kila mmoja, 9,000 kamili, bila nyongeza, nami nimeuma ulimi.

Tulirudi na mifuko iliyojazwa hewa, tumeifunika kwa gunia bichi isipate jua. Nilitaka kuifungua papo hapo, lakini Mwalimu akaniambia mifuko na ielee kwanza juu ya bwawa, mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane kwa baridi. Akatazama saa yake, akasema dakika ishirini. Tukakaa kwenye ukingo, tukamenya ndizi, na wajukuu wake wawili wakachuchumaa kando ya maji wakijaribu kuhesabu.